Orodha Si Kioo: Maoni juu ya Utafiti wa Historia ya Besiboli ya Vyuo na Wachezaji Wake wa Kulipwa

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo wanahistoria wa michezo nchini Marekani wamezifanya kwa juhudi kubwa ni ile ya kuwaorodhesha wachezaji wa besiboli waliotoka vyuoni wakaingia katika ligi za kulipwa. Kwa mtazamo wa haraka, kazi hii haina utata. Mtafiti huchukua sajili ya chuo na kitabu cha takwimu za ligi, akayalinganisha majina, na pale yanapokutana akatia alama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayako hivyo. Hoja yetu ni kwamba kila orodha ya aina hii ni hukumu kabla ya kuwa hesabu. Aliyeitunga ameshaamua, kwa kutaka au kwa kutojua, nani ahesabiwe kuwa mwanachuo, nani ahesabiwe kuwa mchezaji wa kulipwa, ligi ipi iitwe ligi kuu, na mtu yupi aitwe mweusi au mweupe. Kwa kuwa maamuzi hayo yamewapa watu wengine heshima na kuwanyima wengine, mtafiti anawajibika kuyaweka hadharani masharti aliyoyatumia.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila moja. Mtupaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa uwanjani. Kila azungukaye na kurejea salama huipatia timu yake pointi moja. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kuipokea mipira ya mtupaji.

Hata mwanzo wa historia hii umejaa mizozo ya ufafanuzi. Kwa kawaida huelezwa kwamba pambano la kwanza baina ya vyuo lilichezwa tarehe 1 Julai 1859 mjini Pittsfield, Massachusetts, ambapo Amherst waliwashinda Williams kwa pointi 73 kwa 32. Lakini pambano hilo lilifuata kanuni za Massachusetts, na kila upande ulikuwa na wachezaji 13. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, wanafunzi wa Chuo cha St. John's, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Fordham, walicheza na wale wa St. Francis Xavier kwa kanuni za New York, zenye wachezaji 9 kila upande, na ndizo zilizouzaa mchezo wa leo. Ni lipi basi lililo la kwanza? Jibu linategemea kile ambacho mtafiti amekubali kukiita besiboli. Tangu hapo mtafiti anahukumu.

2. "Mchezaji wa Chuo" ni Nani?

Lugha ya Kiswahili inatusaidia kuliona tatizo hili waziwazi. Tunaposema "mchezaji wa chuo", kiunganishi hicho kifupi cha "wa" kinabeba angalau maana tatu. Kwanza, aliyeandikishwa chuoni kama mwanafunzi. Pili, aliyeichezea timu ya chuo. Tatu, aliyefuzu masomo yake na kutunukiwa shahada. Mara nyingi mtu mmoja huwa na sifa zote tatu. Matatizo huanza pale zinapotengana.

Tuchukue mfano wa Moses Fleetwood Walker, aliyezaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Ohio. Walker alikuwa mdakaji wa timu ya Chuo cha Oberlin mwaka 1881, kisha akaichezea timu ya Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1882. Mwaka 1884 alikuwa mdakaji wa Toledo katika American Association, iliyohesabiwa wakati huo na hata sasa kuwa ligi kuu. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyetajwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kucheza katika ngazi hiyo, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson. Hata hivyo, Walker aliondoka katika vyuo vyote viwili bila shahada. Robinson naye, aliyewakilisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika michezo minne, alikiacha chuo hicho mwaka 1941 bila kuhitimu. Kadhalika Lou Gehrig wa Columbia, ambaye mwaka 1923 aliyaacha masomo akajiunga na New York Yankees.

Mtafiti atakayeamua kwamba mchezaji wa chuo ni mhitimu tu, atakuwa amewaondoa watu hawa watatu kwa kalamu moja. Hatusemi kwamba kigezo hicho ni cha uongo. Kinaweza kufaa kwa anayechunguza nafasi ya elimu katika maisha ya wanamichezo. Tunachosema ni kwamba kigezo hicho hakimwangukii kila mtu kwa uzito ulio sawa. Mwana wa tajiri aliweza kukaa chuoni hadi siku ya mahafali. Aliyehitaji mshahara aliondoka mapema, na mara nyingi mpira ndio uliomwondoa. Orodha ya wahitimu, hata ikiandikwa kwa uaminifu mkubwa, hueleza hali ya mifuko ya wazazi sawasawa na inavyoeleza uwezo wa wachezaji.

3. Ridhaa, Malipo na Majina ya Bandia

Istilahi ya pili inayohitaji kutazamwa ni "mchezaji wa kulipwa". Katika Kiswahili tumeizoea kinyume chake, yaani "mchezaji wa ridhaa", anayecheza kwa mapenzi yake bila ujira. Istilahi hizi mbili zinadokeza kwamba pana ukuta baina ya aina mbili za watu. Katika besiboli ya vyuo vya Marekani ukuta huo, kwa miongo mingi, ulikuwa ukindu tu uliolazwa chini.

John Lee Richmond alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown alipoitupia Worcester, timu ya kulipwa ya National League, katika pambano la tarehe 12 Juni 1880 dhidi ya Cleveland. Siku hiyo hakumruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza, na tendo hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake katika historia ya ligi kuu. Christy Mathewson, aliyekuwa mwanafunzi wa Bucknell, alitumia likizo ya mwaka 1899 kuichezea kwa malipo timu ya Taunton, kisha akarudi chuoni. Katika likizo, hoteli na miji midogo ilihitaji watupaji, na wanafunzi walihitaji fedha. Kila upande ulipata ulichokitafuta.

Vyuo vilipoanza kukaza kanuni, hali haikubadilika sana. Kilichobadilika ni majina. Mwaka 1906 Eddie Collins, mwanafunzi wa Columbia, aliichezea Philadelphia Athletics kwa jina la Sullivan. Mwaka 1921 Gehrig, ambaye mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wanafunzi hapo Columbia, aliichezea Hartford kwa jina la Lewis. Alipogunduliwa alinyimwa haki ya kukichezea chuo chake kwa mwaka mmoja. Mtafiti anayelinganisha sajili mbili bila kuuliza zaidi atakuta Gehrig upande mmoja na Lewis upande wa pili, naye atawaandika kuwa watu wawili. Tunawajua Collins na Gehrig kwa sababu baadaye walipata umaarufu mkubwa, na umaarufu ukawavua vinyago. Wenzao waliocheza majira mawili ya joto kisha wakawa mawakili au madaktari wamebaki humo kwenye takwimu kwa majina yasiyo yao.

Linganisha na Jim Thorpe. Yeye, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya Wahindi Wekundu ya Carlisle, alicheza besiboli kwa ujira mdogo huko North Carolina mwaka 1909 na 1910, na alicheza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1912 alishinda medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm. Mwaka uliofuata habari za North Carolina zilipofichuka alipokonywa medali hizo. Katika barua yake ya kujitetea alieleza kwamba wanafunzi wengine walifanya kama yeye, ila wao walitumia majina mengine. Heshima yake ilirejeshwa nusu mwaka 1982, alipotambuliwa kuwa mshindi kwa kushirikiana na wengine, na ikakamilika mwaka 2022, muda mrefu baada ya kufariki kwake. Ni dhahiri kwamba sajili ilimwadhibu mkweli kwa ukweli wake. Mtafiti anayeitegemea sajili peke yake anaiendeleza adhabu hiyo bila kukusudia.

Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilichapisha ripoti ndefu kuhusu michezo vyuoni baada ya kutembelea vyuo zaidi ya 100, nayo ilionyesha jinsi misaada ya siri kwa wachezaji ilivyokuwa imeenea. Baada ya ripoti hiyo, ni vigumu kwa mwanahistoria kulitumia neno "ridhaa" kana kwamba linaeleza hali halisi. Aghalabu lilieleza kile ambacho chuo kilitaka kiaminiwe.

4. Ligi Kuu ni Ipi?

Suala la tatu ni la mahali mchezaji alikofika. Mwaka 1969, wakati kitabu kikubwa cha takwimu za besiboli kilipokuwa kikiandaliwa, kamati maalumu iliamua kwamba ligi 6 tu ndizo zilizostahili kuitwa kuu. Uamuzi huo uliiacha nje National Association ya mwaka 1871 hadi 1875. Humo ndimo alimocheza Esteban Bellán, kijana wa Havana aliyesomea Fordham, ambaye anatambuliwa kuwa mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kucheza besiboli ya kulipwa Marekani, na ambaye aliporudi Cuba alishiriki katika kuueneza mchezo huo nchini mwake. Kwa orodha moja Bellán ni mwanzilishi. Kwa orodha nyingine hayupo.

Kubwa zaidi ni kwamba kamati hiyo haikuzitazama kabisa ligi za Wamarekani Weusi. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 50, orodha za wachezaji waliotoka vyuoni kwenda ligi kuu ziliandikwa kana kwamba vyuo vya watu weusi wa kusini havikutoa mchezaji yeyote wa maana kabla ya ubaguzi kuvunjwa mwaka 1947. Hilton Smith, mtupaji hodari wa Kansas City Monarchs, alisoma Prairie View, Texas. Buck O'Neil wa timu hiyohiyo alisoma Edward Waters, Florida. Smith aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2001, lakini ligi alizochezea zilikuwa bado hazijahesabiwa kuwa kuu. Ilikuwapo basi hali ya ajabu, ya mtu kutambuliwa kuwa shujaa wa mchezo huku rasmi akihesabiwa kuwa hajaucheza katika ngazi yake ya juu.

Mnamo Desemba 2020 mamlaka ya ligi kuu ilitangaza kwamba ligi 7 za Wamarekani Weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 nazo zilikuwa kuu. Kwa tangazo hilo wachezaji wapatao 3,400 waliingia katika hesabu, na mwaka 2024 takwimu zao ziliunganishwa na za wengine. Tuyatafakari haya. Hakuna mpira hata mmoja uliorushwa upya. Hakuna mchezaji aliyefufuka akacheza tena. Kilichobadilika ni kigezo, na pamoja nacho kila orodha ya zamani ikawa pungufu kwa siku moja. Kazi hiyo haikufanywa na tangazo lenyewe. Ilifanywa na watafiti ambao kwa miaka mingi walikuwa wakikusanya matokeo ya michezo hiyo, pambano kwa pambano, kutoka katika magazeti ya watu weusi kama vile Chicago Defender na Pittsburgh Courier, wakati magazeti mengine yalikuwa hayakujali kuyachapisha.

5. Mtu Mmoja, Maandishi Mawili

Mfano unaotupa fundisho zito kuliko yote ni wa William Edward White. Tarehe 21 Juni 1879 timu ya Providence Grays ilimkosa mchezaji wake wa kituo cha kwanza kutokana na jeraha, ikamwita White, mwanafunzi wa Brown na mwenzake Richmond katika timu ya chuo. Alicheza pambano hilo moja tu. Kwa zaidi ya karne moja alikuwa mstari mmoja mfupi katika vitabu vya takwimu.

Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa chama cha utafiti wa besiboli kilichoundwa Cooperstown mwaka 1971 walianza kuuliza mtu huyo alikuwa nani. Walifungua sensa ya mwaka 1870, wakamkuta mtoto aliyeandikwa kuwa chotara, akiishi Georgia na mama yake, Hannah White. Walifungua wasia wa mzungu mmoja aliyemiliki watumwa, wakakuta White na dada zake wawili wametajwa kuwa watoto wa Hannah, mtumishi wake. Kwa kuwa White alizaliwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa sheria za wakati huo zilimpa mtoto hadhi ya mama yake, alizaliwa mtumwa. Kumbe basi miaka mitano kabla ya Walker, mtu aliyezaliwa utumwani alikwisha kucheza katika ligi kuu.

Hata hivyo, White mwenyewe aliishi kama mzungu. Sensa za baadaye zilimwandika hivyo, na hatuna habari kwamba watazamaji wa Providence walijua vingine. Je, nani wa kwanza? Wapo wanaotaka jina la Walker lifutwe na la White liandikwe mahali pake. Wapo wanaosema White hahusiki, kwa kuwa hakuubeba mzigo wa rangi yake hadharani. Kwa maoni yetu, kila upande unakosea kwa kutaka safu moja ya orodha ijibu maswali mawili. White ndiye wa kwanza anayejulikana kuwa na asili ya Kiafrika. Walker ndiye wa kwanza kusimama uwanjani akijulikana kuwa mweusi, na kuyapokea matusi yaliyoambatana na kujulikana huko. Kumfuta Walker ni kuudharau ushujaa wake. Kumkataa White ni kusahau kwamba kujificha kwake nako kulikuwa tunda la ubaguzi uleule. Mtafiti mwangalifu atawaandika wote wawili, na ataeleza kila mmoja ni wa kwanza katika nini.

6. Pingamizi na Mapendekezo

Huenda msomaji akapinga kwamba orodha ni chombo tu, na kwamba mtafiti akianza kujadili kila jina hatamaliza kazi. Pingamizi hili lina uzito. Bila orodha, watafiti wa White wasingekuwa na mstari wa kuanzia. Lakini hatuombi orodha ziachwe. Tunaomba ziandikwe kwa namna inayomwezesha msomaji kuzihoji. Wengine watasema kwamba kwa kuwa magazeti na sensa sasa vinasomeka kwa kompyuta, utata wote utajitatua wenyewe. Hatukubaliani nao. Kompyuta hutafuta jina lililoandikwa. Haimtafuti mtu aliyejificha nyuma yake. Isitoshe, kosa lililonakiliwa mara elfu kwa haraka huanza kuonekana kama ushahidi elfu moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila orodha itanguliwe na ufafanuzi wa istilahi zake: chuo ni kipi, mchezaji wa chuo ni nani, malipo ni yapi, ligi kuu ni ipi. Pili, kila jina liambatane na chanzo chake, na vyanzo vilivyoandikwa na jamii ya mchezaji mwenyewe visiwekwe chini ya vile vya waliombagua. Tatu, pale ambapo maandishi yanapingana, mpingano huo uhifadhiwe badala ya kusawazishwa kwa ajili ya unadhifu wa ukurasa. Nne, orodha iandikwe tarehe yake, ili msomaji ajue kwamba ni hali ya ujuzi wa siku hiyo na wala si neno la mwisho.

7. Hitimisho

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa mashabiki wa mchezo, msemo huo una ukweli wake, kwa kuwa bingwa wa juzi hashangiliwi leo. Mwanahistoria ndiye aliyepewa kazi ya kulichukua swali hilo kwa dhati na kulijibu. Hawezi kulijibu kwa kunakili kile ambacho mwandishi wa sajili alipenda kukiandika, kwani sajili za vyuo na ligi ziliandikwa na watu waliokuwa na sababu zao za kumtaja mmoja na kumwacha mwingine. Walker, White, Bellán, Smith na Thorpe walicheza, na kucheza kwao hakukuongezeka wala kupungua kwa matamko ya kamati. Kilichopungua, kwa miaka mingi, ni uaminifu wa orodha zilizodai kuwaeleza. Ni wajibu wa watafiti wa sasa kuurejesha uaminifu huo, jina kwa jina.